Mshale wa Chini wa Libérate

Wifi yangu Libérate alijua kutangaza kifo. Nalisema hili mbele ya yeyote, ingawa mimi na yeye hatusalimiani tena. Miaka kumi na minane alisoma matangazo ya vifo kwenye redio moja ya hapa Uvira, saa saba mchana na saa moja jioni. Sauti yake ilikuwa nzito, isiyo na haraka. Alisoma jina la marehemu mara mbili, kisha jina la baba yake, kijiji, mahali pa matanga, na mwisho orodha ya wale aliowaacha. Huko Runingu mwanamke akiwa shambani akisikia jina mara ya kwanza aliweka jembe chini, mara ya pili alikuwa ameshaanza kutafuta kitenge. Watu walitania kwamba Uvira mtu hafi mpaka Libérate aseme, na yeye hakuwakatalia.

Alikuwa mwanamke mrefu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mkali kupita kiasi. Familia ikimletea karatasi bila jina la babu aliirudisha, hata kama walioileta walikuwa bado wanalia. Aliwaambia kwamba marehemu asiyejulikana ametoka wapi ni mzigo wa serikali. Nilimwona akimrudisha mzee mmoja wa Rurambo aliyeshuka mlima kwa miguu siku nzima, kwa sababu hakukumbuka jina la mama wa marehemu. Mzee alikuwa analia. Libérate alikuwa anakunywa chai.

Mimi naitwa Olga. Nina sekretaria yangu karibu na soko la Mulongwe: kompyuta moja, mashine ya fotokopi na jenereta inayokohoa. Basile, mume wa Libérate, alikuwa kaka yangu kwa baba. Mama yangu hakuolewa. Mzee Habonimana alinizaa nje, akanitambua mbele ya watu, akanisomesha mpaka darasa la sita la sekondari. Alipofariki mwaka 2009, Libérate ndiye aliyesoma tangazo. Nilikuwa nimekaa kwa jirani nikiwa nimeshajifunga kitenge cha msiba. Redio ikasema mzee ameacha watoto wanne. Tulikuwa watano.

Basile alikuja kwangu jioni ile akiwa na macho mekundu, akaniomba msamaha kwa niaba ya mkewe. Mkewe mwenyewe alisema tu kwamba karatasi ilikuwa imejaa. Tangu siku hiyo nilimchukia Libérate, na sikuchoka kumchukia. Nilimwita wifi, nilimpa kiti, nilimpigia chapa matangazo yake, na moyoni nilikuwa nangoja.

Redio ilipopungukiwa na wasikilizaji, Libérate alihamia kwenye simu. Alifungua ukurasa wa matangazo ya bonde lote la Ruzizi, na ndani ya miaka mitano ulikuwa na watu elfu kumi na moja. Kisha wezi wakauteka. Siku moja aliamka akakuta jina lake na picha yake vinauza dawa ya nguvu za kiume, na chini yake kuna tangazo la kifo cha padri ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ametoa misa. Aliandika kwa wenye mtandao mara ishirini. Hakuna aliyejibu. Nilimsikitikia kwa maneno.

Aliyemwonyesha mahali pengine ni Achille, fundi wa kompyuta aliyekulia katika kwaya ya parokia yetu na sasa anakaa Bukavu. Alimweleza kwamba kuna jukwaa la mazungumzo lisilo na mwenyewe. Limegawanyika katika nyumba nyingi, kila nyumba na mlinzi wake, na nyumba hizo zinasomana. Watu wetu wa Kanada walikuwa na nyumba yao, wa Ubelgiji yao, wa Bujumbura yao. Achille mwenyewe alikuwa amefungua nyumba ya watu wa Uvira. Ukiandika ndani yake, wote wale wanasoma, na hakuna tajiri wa ng'ambo anayeweza kukuuza.

Libérate alijiandikisha kwenye kompyuta yangu, mwezi wa kumi na moja mwaka 2023, na kila kitu kilimuudhi. Mlangoni aliulizwa kwa nini anataka kuingia. Alisema hajawahi kuulizwa swali hilo tangu abatizwe, kisha akanilazimisha kupiga chapa ukurasa mzima: ubatizo, ndoa, miaka ya redio. Akangojeshwa siku mbili. Alipokubaliwa hakukuta picha ya mtu wala cheo cha mtu. Watu walijiita majina ya ndege na ya namba. Aliandika salamu ndefu kwa wote, akajibiwa na watu wawili, mmoja wao akimwuliza yeye ni nani. Sijawahi kumwona amekunjamana uso vile. Nilikwenda nyuma ya fotokopi kucheka.

Lakini baada ya wiki alianza kupapenda. Hapakuwa na dawa za kuuzwa wala maiti za uongo. Matangazo yake yalikaa yalivyoandikwa, yakifuatana kwa tarehe kama alivyokuwa akiyapanga studio. Watu wa bonde walipomfuata, mia kwanza, kisha mia nane, alianza kusema nyumba yetu, bila kumtaja Achille.

Ilibaki mishale. Pembeni ya kila andiko palikuwa na mishale miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na namba katikati. Achille alimtumia maelezo ya sauti ya dakika nne akiwa juu ya pikipiki. Libérate alisikiliza moja, akasema upepo unamwumiza sikio. Kisha mtu wa Kavimvira akaubonyeza mshale wa juu kwenye tangazo la kifo cha jirani yake, naye akawaka. Alikuja sekretaria na kuniamuru niandike sheria, na sheria hiyo nimeikariri mpaka leo kwa sababu vidole vyangu ndivyo vilivyoiandika.

“Muntu akikufa hatupigaka makofi,” alisema. “Mushale ya juu ni ya ndoa, ya mutoto, ya diplome. Kwa kifo munafinya ya chini. Ni kuinamisha kichwa.”

Watu walitii. Ilikuwa ni sauti ya redio inawaambia, na kusema kweli ilielekea kuwa sawa. Nani kwetu angeweza kunyanyua kidole juu ya maiti? Tangazo likitoka, walibonyeza mshale wa chini mmoja baada ya mwingine. Marehemu mdogo alipata nane, marehemu mkubwa arobaini, na Libérate alizisoma zile namba kwa fahari kama idadi ya watu waliosimama kaburini.

Mwezi wa pili Achille alinipigia mimi, kwa sababu Libérate hakujibu ujumbe wake. Alinieleza polepole. Mshale wa chini maana yake ni kwamba andiko halifai, liondolewe machoni pa watu. Ndani ya nyumba yetu halidhuru, kwani yeye amepanga yote yafuatane kwa tarehe. Lakini nyumba za nje zinahesabu. Andiko likishuka kumi chini ya sifuri zinalificha, na mtu wa Kanada hataliona hata akilitafuta. Aliniomba nimwambie shangazi Libérate kabla hajawapoteza wafu wa watu.

Nikasema nitamwambia. Siku ile ile Libérate alikuja na karatasi tatu za vifo, akaketi kwenye kiti changu, akaniambia kwamba siku hizi napiga chapa kama ninayechambua mchele. Nilifikiri nitasema kesho. Kesho yake nilijisikia mtamu, nina kitu ambacho yeye hana, na nikaamua kukaa nacho kidogo zaidi.

Matanga yalianza kupungua watu. Wa mbali hawakuona kitu. Wa karibu walibonyeza mshale wakahesabu wameshahani, wakaendelea na shughuli zao. Ninahazwe, mjane wa Runingu, alikuja kulalamika kwamba mumewe alipata arobaini na moja kwenye simu lakini kaburi lilichimbwa na watoto wake wawili, na shemeji zake wa Bujumbura hawakutuma hata neno. Libérate alimtazama juu mpaka chini. Alimwambia kwamba yeye kazi yake ni kutangaza, na kama mume hakupendwa akiwa hai, asitafutiwe mapenzi akiwa maiti. Ninahazwe aliondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa pale, mkono juu ya kibodi, na ningeweza kumwita arudi.

Mwezi wa tano mwaka 2024 ziwa lilipanda. Mtaa wa Kasenga kote maji yaliingia majumbani, na nyumba ya Basile ilikuwa na ziwa mpaka kwenye magoti. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, karibu yote kijijini Lubarika, na nusu ya watu wazima wa bonde waliandika herufi ya kwanza mkono wao ukiwa ndani ya wake. Jumanne moja alikuwa anabeba madaftari yake ya zamani kuyatoa majini. Tension, shinikizo la damu, ilikuwa inamsumbua siku nyingi. Alianguka mlangoni. Alikuwa amekufa kabla jirani hajamaliza kumwinua.

Libérate hakulia mbele yetu. Alisema Basile atazikwa Lubarika Ijumaa, na alitaka jambo moja tu: Irakoze aambiwe vizuri. Irakoze ni mtoto wao wa kwanza, yuko Winnipeg, Kanada, anakaa peke yake. Kwetu mtoto aliye mbali hapigiwi simu kuambiwa kwamba mzazi amekufa. Wanatafutwa watu wa huko huko, wanakwenda kwake wakiwa wengi, wanaketi, wanamshika mikono, ndipo mkubwa wao anasema. Anayeambiwa peke yake na simu anaweza kuanguka akafa kwenye kapeti, na hakuna wa kumfunika. Winnipeg kulikuwa na familia kumi na nne za bonde, zote zilisoma jukwaa. Wangeliona tangazo, wangekwenda kwa Irakoze, na yeye angepiga simu ili aseme neno lake kwa baba yake kabla ya udongo. Libérate alikuwa ameyafanya hayo kwa watoto wa watu wengine mara nyingi.

Akaniamuru niandike. Nilipofika kwenye orodha ya walioachwa alifumba macho akataja watoto wao, kisha ndugu za marehemu: Frédéric, Anne-Marie, Claire. Halafu akasema, “Na dada yake Olga.” Nilipiga chapa jina langu mwenyewe. Herufi nne tu, nikazikosea, nikazifuta, nikaandika tena. Hakunitazama.

Pale ndipo nilipaswa kusema. Tangazo lilikuwa bado halijatoka. Lakini ningeanzia wapi? Ningesema kwamba nilijua tangu mwezi wa pili, kwamba Ninahazwe alitukanwa mbele yangu nami nimefunga mdomo? Nilitumaini kwamba mmoja wa wale wa Winnipeg ataliona kabla halijashuka. Nikabonyeza, likaenda.

Kwa saa moja lilikuwa na tisini. Jioni mia na sitini. Basile alipendwa jamani, kila aliyekuwa amekaa kwenye benchi lake alikimbilia simu kumwinamia. Nilitazama namba ile ikizidi kushuka chini ya sifuri, nikajua kwamba kila mwanafunzi wake anamfukia kwa kidole chake. Jumatano asubuhi ilikuwa mia mbili na kumi na tatu, na Libérate aliwaonyesha wageni simu yake, akisema Winnipeg sasa wameshajua. Wageni wenyewe walikuwa wachache. Kasenga ilikuwa imetawanyika kwa sababu ya maji, na wa vijijini walikuwa wamekwisha kuinama kwenye simu.

Irakoze hakupiga simu Jumatano. Hakupiga Alhamisi. Nilikuwa na namba yake. Mara mbili niliichagua, mara mbili nikaiacha, nikijiambia kwamba si desturi, kwamba atakufa kwenye kapeti. Ukweli ni kwamba niliogopa angeniuliza kwa nini wale wengine hawakuja.

Ijumaa tulimpeleka Basile Lubarika katika gari la kukodi. Kando ya kaburi Libérate alishika simu mkononi, spika ikiwa wazi, na padri akangoja. Tulisimama hivyo juani. Cyprien, mwalimu mwenzake wa zamani, alitoa saa yake akaitazama, akairudisha mfukoni. Mwisho padri alisema mvua inakuja kutoka mlimani, na mashepe yakaanza kurudishia udongo.

Jumamosi tukiwa kwenye matanga, Claudette, mdogo wake Libérate, aliona picha ambazo Irakoze ametoka kuweka kwenye simu. Alikuwa ametimiza miaka thelathini. Kulikuwa na keki, nguo ya dhahabu, na video fupi akicheza na rafiki zake, ulimi nje. Claudette aliipitisha simu mkeka mzima. Hakuna aliyemzuia. Kila mtu alitazama mpaka mwisho kisha akampa wa pili yake, na walipomaliza walisema yale ambayo watu husema: kwamba ng'ambo inageuza mtoto mnyama, kwamba Basile alisomesha watoto wa watu akasahau wake. Libérate aliitazama video mara tatu. Akasema kwa sauti yake ya redio kabisa kwamba wamemwambia, na hilo ndilo jibu lake, na kuanzia leo yeye ana watoto watatu, si wanne.

Mimi nilikula maharage yangu. Naandika hivi kwa kuwa ni kweli. Niliyatafuna, nikayameza, nikaomba maji.

Cyprien ndiye aliyemjibu Irakoze. Hakushauriana na mtu. Aliandika chini ya ile video: Endelea kucheza, baba yako tumemzika jana.

Haikupita nusu saa. Simu iliyolia ni yangu, si ya mama yake. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, na Claire aliyeketi karibu nami akaifungua akaiweka kwenye spika, kwa wema tu. Mwanzoni hatukusikia neno, tulisikia mtu akijaribu kupumua. Alikuwa peke yake. Kisha akaanza kuuliza, na kila alichouliza kilisikika mkeka mzima: ni kweli, ni lini, kwa nini hakuna aliyemwambia. Alisema alikuwa amefungua jukwaa kila siku wiki ile, na familia zote kumi na nne zilikuwa kwenye sherehe yake jana. Wanakwaya walimwimbia. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Libérate aliinuka kwa magoti. Alisema haiwezekani, watu mia mbili na kumi na tatu wameona.

“Wameona kwetu tu,” nilisema. Ilinitoka. “Huko inje inafichwa. Mushale ya chini njo inaficha.”

Mvua ilikuwa imekatika na mtu alikuwa anasukuma sufuria jikoni. Libérate alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

“Weye ulikuwa unajua?”

“Minye nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi wa mbili. Achille alinituma nikuambie.”

Nilitegemea anipige, na ningeshukuru. Cyprien alikuwa ameficha uso ndani ya kofia yake. Nilianza kueleza habari ya mwaka 2009, ya redio, ya watoto wanne, na nilipokuwa naisema niliisikia ilivyo ndogo mbele ya yule mtoto aliyekuwa akilia ndani ya simu yangu. Libérate aliichukua simu ile mkononi mwangu. Aliizima spika, akaongea na binti yake kwa Kirundi, taratibu, akimwambia aketi chini, afungue mlango usiwe na kufuli, amwite jirani yeyote, hata mzungu. Hakukata mpaka alipohakikisha kuna mtu amefika. Ilichukua muda mrefu, na muda wote huo hakuna aliyenitazama.

Kisha akanirudishia simu.

“Kunja mukeka yako, Olga,” alisema. “Hapa ni matanga ya Basile. Iko ya ndugu zake.”

Nilimgeukia Frédéric, kaka yetu mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye angeweza kusema neno. Alikuwa anachokonoa meno na kijiti. Nilimtazama Claire, naye akaanza kukusanya sahani. Nikakunja mkeka. Ulikuwa umelowa upande mmoja na haukukunjika vizuri, ikabidi niuanze upya huku wakinisubiri.

Tulikuwa tumeandaa viti mia mbili vya kukodi, vilisimama uwanjani vimebebana vilevile vilivyoletwa. Kwenye matanga tulikuwa watu kumi na tisa. Nilipotoka wakabaki kumi na wanane.